Baiskeli tatu nilizonunua Dodoma, na hii ya tatu ndo niko nayo

Kati ya 2021 na 2024 nimenunua baiskeli used mara tatu hapa Dodoma. Mbili za kwanza zilinitoa machozi, hii ya tatu ndo napanda mpaka leo, kwa hiyo nikisikia mtu anauliza eti baiskeli ya mtumba anunue wapi siwezi kunyamaza, mana najua hela ya kuunga unga ilivyo, laki na nusu kwa mwingine ni hela ya kawaida tu ila kwangu mimi ilikuwa ni mtaji mzima.

Mi nauza mayai. Nakaa Nkuhungu, trei nachukua kwa wafugaji wa upande wa Mbwanga alafu nazungusha kwa mama ntilie na vioski vya Chang'ombe, Majengo, siku nyingine mpaka Sabasaba. Trei moja ina mayai 30 na faida yangu hapo ni mia tano, ikizidi sana buku, sasa we fikiria kwa siku boda inakula elfu nne mpaka tano, yaani nilikuwa nafanya kazi ya bodaboda bila kumiliki pikipiki. Ndo nikaamua nitafute baiskeli, tena ya kike, ile yenye fremu imelala chini hapa katikati, mana navaa madera na vitenge na siwezi kurusha mguu juu ya bomba nikiwa na trei sita nyuma.

Ya kwanza ilikuja yenyewe. Kijana alinikuta nimekaa na mayai yangu, ana baiskeli nzuri tu ya kike, rangi ya bluu, akasema ana msiba Kondoa na hana nauli, anaiachia kwa elfu 80. Mimi nilishaulizia huku na huku, nilikuwa najua ya namna ile haishuki laki na thelathini. Nikamwambia sabini, hakubishana hata kidogo, akapokea, akanipa namba ya simu, akaondoka. Dakika kumi hazikufika. Sikuuliza jina kamili, sikuandika popote, sikumuuliza hata yeye aliinunua wapi, akili yote ilikuwa kwenye ile elfu sitini niliyoona nimeiokoa.

Wiki ya tatu niko Majengo, mzee mmoja wa kama miaka hamsini hivi akashika siti ya baiskeli taratibu akaniambia "binti yangu samahani, hii baiskeli umeipata wapi?" Hakupiga kelele, na ndo mana nikaogopa zaidi. Akasema kabla hata hajainama kuangalia, chini ya siti kuna waya mwekundu nimefunga kwa mkono wangu, na pedeli ya kushoto ni ya chuma ya kulia ni plastiki. Nikaangalia pedeli, kweli. Nikaingiza mkono chini ya siti, waya upo. Alafu akatoa risiti kwenye pochi, risiti imechakaa mpaka inataka kuachana, imeandikwa namba ya fremu, tukaipindua baiskeli pale pale barabarani, namba imegongwa chini pale kranki, ile mikono ya pedeli, inapopita, tukasoma moja moja, zote zile zile.

Tulienda wote kituoni. Kupokea mali ya wizi ni kosa kisheria na pale ndo nililijua kwa mwili, unaulizwa nani kakuuzia huna jina, anakaa wapi hujui, namba ya simu aliyokupa haipatikani. Yule mzee ndo alinitetea, akasema huyu binti na yeye kaibiwa kama mimi, na ndo hivyo nikaandika maelezo nikarudi nyumbani kwa miguu. Ila kitu ambacho mpaka leo kinaniuma sio ile sabini. Ile baiskeli ilikuwa ya mwanae wa sekondari, na mwezi mzima yule mtoto alikuwa anaamka saa kumi alfajiri kwenda shule kwa miguu, na ule mwezi ndani yake kuna wiki tatu zangu mimi niliyokuwa nazunguka na mayai nimefurahi nimepata kitu cha bei rahisi.

Baada ya hapo nikasema sinunui tena kwa mtu wa njiani, nanunua dukani na risiti. Nikadunduliza miezi mitano. Nikaenda sehemu moja wanauza baiskeli zinazotoka Japani, zile zinashuka bandarini Dar zimebanana kwenye kontena zinapandishwa huku, ukiingia utazipenda, zina kikapu mbele, dinamo, kengele, stendi pana ya miguu miwili inayosimama imara hata kwenye mchanga, na nyingi ndo hizo hizo za fremu iliyolala. Nikachukua moja ya kijivu ina gia tatu zilizofungwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, 180,000, nikapewa risiti, namba ya fremu ikaandikwa. Nilitoka pale moyo mweupe kabisa. Na wizi kweli haikuwa wizi, yule muuzaji hakunidanganya kitu, na mimi sikumuuliza kitu kinachohusu tairi.

Hapa naomba unisikilize vizuri mana hili halisemwi sana. Tairi la baiskeli pembeni lina maandishi, watu wanaangalia inchi tu, ishirini na sita, ishirini na nane, basi. Ile yangu ilikuwa 27 x 1 3/8. Nikaona sawa tu, ishirini na saba iko katikati ya ishirini na sita na ishirini na nane, si tairi tu. Kumbe hiyo saizi ni ya Japani kwao, huku kwetu kuipata ni shida. Zile Phoenix na Avon na Hero za wanaume tunazozijua zinavaa 28 x 1 1/2, hilo tairi utalikuta mpaka kijijini Bahi dukani kwenye sukari na sabuni. Na kuna kaandishi kadogo zaidi, kana namba mbili zenye kistari katikati, kama 37-590 au 40-635, ile ya pili ndo kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Ya Phoenix ni 635. Ya Kijapani ya inchi 26 nyembamba ni 590. Ya kwangu ilikuwa 609. Yaani la Phoenix linapwaya na la 26 halipandi hata umwite nani aje kulivuta. Na hata hizo 26 zenyewe kuna mbili, hiyo nyembamba ya 590 na ile nene ya baiskeli za milimani ni 559, zote zimeandikwa 26 na haziingiliani, fundi wengine wanakuuzia hiyo nene ukifika nyumbani unashindana nayo usiku kucha.

Mwezi wa nne tangu niinunue tairi la nyuma likaanza kuchanika ubavuni. Mpira wenyewe ulikuwa mzee, umekaa huko kwao miaka, umekaa kwenye kontena, umekuja kuanikwa juani mbele ya duka, na jua la Dodoma pamoja na ule upepo mkavu wa mwezi wa saba mpira mzee hauna ujanja, unafanya nyufa nyufa kama kisigino. Nilizunguka mji mzima. Kila fundi jibu moja, dada hii saizi hatuna. Nikamwagiza shangazi yangu wa Dar akaenda Kariakoo siku mbili akapata moja, used, lina nyufa vile vile, akanitumia kwa basi. Lilinipeleka wiki sita. Siku lilipopasuka nilikuwa natoka korongoni napandisha, trei tano nyuma, ule mlio ulivyotoka tu nikaenda upande, nikaokoa trei mbili na nusu hivi, mengine yakabaki mchangani watoto wanachagua yaliyopasuka kidogo. Nikakaa chini pale nikalia, sioni aibu kusema.

Niliiuza kwa kaka mmoja fundi wa kuchomelea ambaye alitaka fremu na ile habu ya gia, nikamwambia ukweli wote wa tairi, akanipa 60,000. Risiti ninayo mpaka leo. Risiti ilinikinga na wizi, haikunikinga na saizi.

Kwa hiyo mara ya tatu sikuwa na haraka kabisa, nilikaa miezi miwili nazunguka kuangalia bila hela mfukoni, hela niliiacha kwenye kikoba makusudi ili nisishawishike.

Nilienda mnadani kwanza. Mnada una uzuri wake, baiskeli zinakuja kutoka vijijini, nyingi ni za kazi, Phoenix za wakulima, keria imeimarishwa kwa nondo, na bei inashuka sana jioni jioni watu wanapotaka kuondoka. Ila unanunua kwa mtu ambaye kesho yuko mnada mwingine wilaya nyingine, na za kike hakuna, nikakuta mbili tu nazo fremu zimechomelewa pale shingoni, mahali ambapo uzito wote wa usukani unapigia. Sehemu hiyo ikishaungwa mimi siigusi hata kwa bure, mana ikikatika inakatika ukiwa juu yake.

Za kwenye simu nazo niliangalia, makundi ya WhatsApp ya kuuza na kununua. Picha zinapigwa upande wa cheni tu, upande mmoja, ukiomba picha ya chini kwenye namba mtu anakuwa mkali au anakwambia njoo na hela uione. Mmoja aliniambia tukutane stendi ya Nanenane saa mbili usiku. Sikwenda. Simaanishi wote ni wezi, kuna dada wa UDOM alikuwa anamaliza chuo anauza yake kwa nia njema kabisa, alinitumia namba, risiti, kila kitu, ningeichukua ila ilikuwa ile nene ya milimani ya bomba la juu. Wanafunzi wanaomaliza mwezi wa sita na wa saba kwa kweli ni sehemu nzuri ya kutafuta, mana mtu mwenyewe kaipanda anaijua, na anakwambia ubovu wake.

Dar shangazi alisema bei ziko chini, ya laki na ishirini huku kule inaanzia tisini. Ila ongeza mzigo wa basi, ongeza kwamba unanunua kwa macho ya mtu mwingine, na ikiharibika muuzaji yuko kilomita zaidi ya mia nne. Nikaacha.

Nikamaliza kwa yule ambaye nilikuwa nampita kila siku. Chang'ombe kuna babu fundi anakaa chini ya mwarobaini, ana sanduku la mbao na beseni la maji la kutafutia pancha, miaka yote yupo hapo hapo. Nilikuwa namjua kwa kujaza upepo tu. Siku hiyo nikamwamkia kwa Kigogo, mbukwenyi babu, akacheka akanivutia ndoo nikakaa. Nikamweleza yote, ya kwanza, ya pili, mayai. Alisikiliza mpaka mwisho alafu akaniuliza swali ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza, "mjukuu wangu, unabeba kilo ngapi na unapita njia gani?"

Nikasema trei sita, kama kilo kumi na moja, napita njia ya vumbi mpaka korongoni alafu lami.

Akasema basi we unahitaji rimu na spoki za nyuma nzito, hayo mengine tutayatafuta. Na akasema kitu kingine, usininunulie mimi leo, kaa hapa uone. Nikakaa kweli. Siku kama nne nikimaliza mayai nakaa pale saa moja naangalia baiskeli zinaletwa, na nadhani hiyo ndo sehemu ya hadithi yangu ninayoipenda zaidi, mana babu alikuwa anafundisha bila kuonekana anafundisha. Anainua gurudumu anazungusha, anaweka kidole karibu na rimu, anakwambia angalia nafasi ya kidole na rimu, ikicheza kidogo inanyooshwa kwa spoki, ikicheza kwa kuruka juu na chini rimu imekula shimo hiyo achana nayo. Anashika kranki mbili anatikisa kushoto kulia, ikigonga ko ko ndani gololi au ekseli imekwisha. Kwenye Phoenix anagusa kotapini kwanza, ile pini inayobana kranki, mana ikilegea mtu akaendelea kupanda inakula chuma. Anabana breki ya mbele anasukuma baiskeli mbele nyuma, akisikia mlio shingoni anajua. Anapitisha kucha kwenye rangi chini ya bomba, rangi mpya ya brashi juu ya fremu ya zamani anauliza mara mbili mbili, kwa nini ilipakwa, mana rangi inaficha ufa na inaficha mwenyewe.

Cheni aliipima kwa rula ya shule ya mtoto. Pingili 20, pini mpaka pini, zinatakiwa ziwe sentimita 25.4, ikifika 25.6 cheni imechoka, ukiiacha inaanza kula meno ya friwili, ile ya gurudumu la nyuma inayoshika cheni, na hapo utanunua vyote viwili. Vumbi la huku linamaliza cheni haraka, na watu wanadhani dawa ni kumwaga oili nyingi, oili nyingi inashika mchanga inakuwa msasa, weka kidogo alafu futa na tambara.

Wiki ya pili mama mmoja wa mtaa wa pili akaleta baiskeli ya kike ya Kijapani, inchi 26 ile nyembamba, imekaa stoo tangu binti yake aolewe. Babu anamjua yule mama, alishawahi kuziba pancha za hiyo baiskeli binti akiwa shule. Tairi zilikuwa zimekufa zote ila niliinama kusoma mwenyewe, 37-590, na nilikuwa nimeshauliza maduka matatu, yanauza hizo tairi mpya za Kichina na Kihindi. Namba ya fremu inasomeka, haijakwanguliwa. Shingo safi. Cheni imeisha. Breki ya nyuma ile ya ngoma inapiga kelele ila inashika. Mama akataka laki na ishirini, babu akamwambia kwa heshima tu, dada yangu tairi mbili, tyubu mbili, cheni, na spoki nzito za nyuma, huyu mtoto ataongeza karibu elfu sitini hapo, tukamaliza 90,000.

Hatukulipana pale chini ya mti. Tulienda kwa mwenyekiti wa mtaa wote watatu, ikaandikwa karatasi ya mauziano, jina langu, jina lake, namba za vitambulisho vya NIDA, rangi, saizi, namba ya fremu, bei, tarehe, babu akasaini shahidi, muhuri ukapigwa. Mama mwenyewe alifurahi, akasema na mimi kesho nisije kuulizwa baiskeli yangu imefanya nini huko. Nilikuwa sijafikiria upande huo, kwamba karatasi inamlinda na anayeuza.

Matengenezo yalifika 58,000. Babu akafanya na jambo moja la huku kwetu, mbigili. Kama hukai Dodoma hujui mbigili, zile mbegu za miiba zinalala njiani mvua zikishaisha, siku moja niliwahi kuhesabu saba kwenye tairi moja. Alikata tyubu kuukuu katikati akailaza ndani ya tairi mzunguko mzima ndo akaweka tyubu nzima juu yake. Inaongeza uzito kidogo unausikia kwenye mlima. Lakini kabla nilikuwa naziba pancha mbili tatu kwa wiki, sasa hivi inapita mwezi na nusu.

Jumla 148,000, ni chini ya ile ya dukani, na ni zaidi ya mara mbili ya ile ya wizi. Babu alichukua 15,000 ya kazi yake ndani ya hiyo hiyo na nilitaka kumwongeza akakataa, akasema we nijie na baiskeli ikianza kulia, usingoje ivunjike. Na ndo ninachofanya, kila baada ya wiki mbili nasimama pale dakika kumi, anaigusa gusa, saa nyingine hachukui hela namwachia mayai manne matano.

Wateja wangu wawili wameshaniomba niwasaidie kutafuta, mmoja ana duka Majengo na uwezo anao, alitaka nimpeleke moja kwa moja kule kwenye za Japani kwa sababu zinang'aa. Sikumkataza, kule kuna nzuri kabisa, nilimwambia tu asome ubavuni, akikuta 590 au 635 achukue kama imemridhisha, akikuta 609 aulize kwanza kama muuzaji hilo tairi analo dukani, na kama lipo anunue mawili ya akiba siku hiyo hiyo. Akachukua ya 590, anaipanda vizuri.

Wa pili ni binti wa mama mwenye nyumba wangu, amepata kazi ya kufyeka mashamba ya zabibu upande wa Hombolo na wikiendi anarudi mjini, anataka baiskeli ya kule kule shambani. Huyo nimemwambia asinunue mjini kabisa. Aulize kwanza fundi wa kule anafunga tairi gani na ana spea gani kwenye sanduku lake, akishajua ndo aanze kutafuta. Juzi amenipigia, fundi ni mmoja tu kijiji kizima, ana tairi za 28 za Phoenix, na kuna jirani yake anauza. Jumapili naenda naye kuiona, rula nimeshaiweka kwenye mkoba.